Furaha na Huzuni ni Mali ya Nyumba Nzima



Tazameni jioni moja katika nyumba yo yote ya kwetu. Mtoto arudi na karatasi ya mtihani. Amefaulu, na mama apiga kigelegele hata majirani wachungulie. Kabla sufuria haijateremshwa jikoni, simu yalia: bibi kule kijijini ameanguka, nauli yatakiwa usiku huu huu. Baba, aliyekuwa akicheka sasa hivi, anyamaza, maana akiba ya sare za shule ndiyo itakayomleta bibi hospitali. Kitinda mimba, asiyejua lo lote, auliza kwa nini leo nyama ni ndogo. Hayo yote yametukia kabla ya sala ya jioni.

Twapenda kudhani kwamba furaha ina siku zake na huzuni ina siku zake, kama vile masika na kiangazi. Lakini kila aliyewahi kulea jamaa ajua ya kuwa viwili hivyo huingia kwa mlango mmoja, tena mara nyingi kwa siku moja. Basi swali linalotupasa kujiuliza ni hili: vikiisha kuingia, vyakaa wapi? Vyakaa katikati ya nyumba, mahali kila mtu aonapo, au vyafungiwa katika moyo wa mtu mmoja?

Twaliuliza kwa sababu twaona nyumba nyingi zikivunjika bila ugomvi mkubwa. Mume aliyeachishwa kazi huendelea kuondoka alfajiri amevaa nguo za kazi, arudi magharibi, na mkewe apata habari kwa mwenye duka anayedai. Mke aliyeona uvimbe katika titi lake hunyamaza, asije akawatia watoto hofu wakati wa mitihani. Kijana aliyeshindwa masomo hubuni uongo mmoja, kisha uongo wa pili wa kuulinda ule wa kwanza. Hata furaha hufichwa: mwingine huongezewa mshahara asiseme, akiogopa kwamba ada ya mpwa wake itaangukia mabegani mwake. Wahenga walikwisha kutuonya: Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Nasi twaongeza ya kwamba kilio hicho huwa kikali mara mbili. Wenye nyumba hulilia msiba wenyewe, tena hulilia kule kuona kwamba hawakuaminiwa.

Somo letu la leo, basi, ni hili: furaha na huzuni za nyumbani ni mali ya nyumba nzima, naye azifichaye, hata kwa nia njema, huwanyang'anya wenziwe kilicho chao.

NYUMBA MOJA YA KUTAZAMA

Ili somo lisibaki maneno matupu, natutazame nyumba moja iliyokuwapo kweli. Wakristo wetu wamjua Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1927 akawekwa kuwa msimamizi wa misioni. Picha yake yatundikwa katika nyumba nyingi za kwetu. Lakini wazee wake hatuwajui sana. Baba aliitwa Louis Martin, fundi saa, na mama aliitwa Zélie Guérin, mfuma lesi. Walioana tarehe 13 Julai 1858 katika mji wa Alençon, nchini Ufaransa. Tarehe 18 Oktoba 2015, wakati Maaskofu walipokuwa Roma katika Sinodi juu ya familia, marehemu Papa Fransisko aliwatangaza wote wawili kuwa watakatifu. Hawa ndio mume na mke wa kwanza kutangazwa pamoja.

Mtu aweza kudhani kwamba nyumba ya watakatifu ilikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Zaidi ya barua 200 za Zélie zimehifadhiwa hata leo, nazo zatuonyesha nyumba kama zetu. Zimejaa habari za vikohozi na homa, nguo za wasichana, kazi ya lesi iliyomchosha hata akaona haina mwisho, na vichekesho vya watoto mezani. Mama huyu hakuwa na utoto mwema. Mwenyewe alieleza kwamba hakuwahi kupewa hata mwanasesere mmoja wa kuchezea. Badala ya kuwalipiza wanawe, alikusudia wapate furaha aliyoikosa yeye. Naye baba aliwasomea watoto kwa sauti, akawaimbia, akawapa majina ya upendo: mmoja almasi, mmoja lulu, na yule mdogo kabisa malkia.

Hapo pana jambo la kwanza kwetu. Mwaka 1870 Louis aliiacha kazi yake ya saa ili aisaidie kazi ya mkewe, iliyokuwa imekua. Alishika hesabu, akasafiri kuuza lesi. Hakuona kwamba cheo chake kimepungua, maana kazi iliyowalisha ilikuwa yao wote. Ni baba wangapi kwetu, ambao mke auza vitumbua au ashona nguo na kulipa ada, nao waona haya kumbebea mzigo mpaka sokoni? Jasho la mmoja likifichwa au likidharauliwa, mapato yaja nyumbani bila furaha.

MSIBA USIOFUNIKWA

Zélie alizaa watoto 9. Kati ya Februari 1867 na Oktoba 1870 alizika wanne: wavulana wawili wachanga, msichana wa miaka mitano aitwaye Hélène, na mtoto mchanga wa kike. Katika muda huo huo alifiwa na baba yake mzazi. Walikuwapo waliomwambia kwamba ingalikuwa afadhali asingaliwapata watoto hao kamwe. Maneno hayo hakuweza kuyavumilia. Aliandika kwamba maumivu hayakuweza kulinganishwa na heri ya milele ya wanawe, na kwamba angewaona tena.

Maneno ya namna hiyo twayasikia na kwetu. Mama apotezapo mtoto mchanga, twaambiana upesi: "Nyamaza, utapata mwingine." Twadhani twamfariji, kumbe twamwamuru amsahau mtu. Mtoto aliyeishi miezi mitano alikuwa na jina, naye ni mmoja wa jamaa. Yafaa atajwe katika sala ya jioni, na baba amtaje pia, maana wanaume wengi wa kwetu hulia mafichoni, na wake zao hudhani kwamba hawakuumia. Bwana wetu alialikwa harusini Kana akaenda. Akafika pia kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro, akalia machozi mbele ya watu. Hakuona aibu ya lo lote katika hayo mawili.

MTOTO MGUMU

Katika nyumba hiyo ya Alençon alikuwamo msichana aitwaye Léonie, aliyezaliwa mwaka 1863. Hakuelewa masomo upesi, alikuwa mkaidi, na shule ya masista ilimrudisha nyumbani. Mama yake aliomba, akamkemea, akambembeleza, asijue la kufanya. Mwaka 1877 dada mkubwa, Marie, aligundua siri: mtumishi wa nyumbani alikuwa amemtawala mtoto kwa ukali na vitisho kwa muda mrefu, naye mtoto hakuthubutu kusema. Mama alichomwa moyo kwa kuwa jambo hilo lilitendeka chini ya paa lake mwenyewe, wala hakulijua. Léonie alipofunguliwa kutoka katika hofu ile, alianza kumwelekea mama yake kwa upendo.

Wazazi wapenzi, lisomeni jambo hili mara mbili. Mtoto akiwa mgumu, sisi huwa wepesi kutafuta fimbo, wala hatutafuti sababu. Mara nyingine ukaidi ni huzuni isiyopata mtu wa kuiambia. Huenda mtu wa nyumbani amtisha. Huenda jamaa aliyekuja kukaa amtendea ubaya. Huenda ni mwalimu, au jirani. Mtoto hasemi kwa sababu amekwisha kuona kwamba akisema hukaripiwa. Basi kabla ya kumwadhibu, mkalisheni, mmwulize kwa sauti ya upole, na akisema, msadikini kwanza.

Léonie huyo aliyewasumbua wote aliingia utawani mara kadhaa akashindwa, asikate tamaa, na mwaka 1899 akaingia kwa kudumu katika monasteri ya Visitation mjini Caen. Alifariki mwaka 1941, na mwaka 2015 kesi ya kuchunguza utakatifu wake ilifunguliwa. Wazee wake hawakuishi kuyaona hayo.

UGONJWA USEMWE MAPEMA

Mwaka 1865 Zélie alimwandikia ndugu yake, aliyekuwa akisomea kazi ya dawa, habari za uvimbe katika titi. Hakuna lililofanyika. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, kazi zikasonga. Mwezi wa Desemba 1876 alikwenda kwa daktari, akaambiwa kwamba ugonjwa ni mzito na kupasuliwa hakungemfaa. Alirudi nyumbani akawaambia wote waziwazi, na nyumba nzima ikalia. Louis alivunjika moyo, hata akaacha kuvua samaki, burudani aliyoipenda kuliko zote. Zélie aliendelea kufuma, akaenda kuhiji Lourdes mwezi wa Juni 1877 pamoja na binti zake watatu wakubwa, akarudi bila kupona. Alifariki tarehe 28 Agosti 1877, na Teresia alikuwa na umri wa miaka minne.

Siku zile dawa ilikuwa haba. Leo twajua ya kuwa saratani ya titi ikigunduliwa mapema yaweza kutibiwa, na hapa Tanzania tunayo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mjini Dar es Salaam, pamoja na hospitali nyingine zitoazo tiba hiyo. Lakini wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa, na sababu mojawapo ni kunyamaza. Mama aonaye uvimbe amwambie mumewe usiku ule ule, na mume asiseme, "Tungoje mavuno." Auze mbuzi, waende. Kusema peke yake hakutoshi pasipo mtu wa kuinuka na kutenda.

Na wako wagonjwa tunaowaficha kwa aibu. Louis mwenyewe, katika uzee wake, alipatwa na kiharusi, kisha akili yake ikachafuka. Kuanzia Februari 1889 alikaa zaidi ya miaka mitatu katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen. Watu walinong'ona kwamba binti zake wamemsababishia ugonjwa huo kwa kwenda utawani. Binti zake hawakumkana. Léonie na Céline walipanga chumba karibu na hospitali kwa muda ili wapate habari zake, na aliporudi mwezi wa Mei 1892 alitunzwa na watu wake mpaka alipofariki tarehe 29 Julai 1894. Kwetu mgonjwa wa namna hii mara nyingi hufungiwa chumba cha uani, na mgeni akiuliza huambiwa kwamba amesafiri. Huyo naye ni wa nyumba, na huzuni yake ni mali ya wote.

SIRI YA NYUMBA NI IPI?

Wengine watatuambia: "Je, mwataka tuanike mambo yetu barabarani?" La, hasha. Nyumba ina siri zake, na mwenye busara hazipeleki kisimani wala hazitangazi katika simu. Lakini siri ya nyumba ni ile wanayoijua wa ndani wasiyoijua wa nje. Jambo ambalo jirani alijua na mke halijui, au mwenye baa alijua na watoto hawalijui, hilo si siri ya nyumba tena. Ni ufa katika ukuta. Tena si kila jambo humfaa kila mtoto. Mdogo ataambiwa kwa kadiri ya umri wake: "Mwezi huu fedha ni chache, tutakula pamoja kilichopo." Hayo yamtosha, naye atalala usingizi, kwa kuwa mtoto huogopa nyuso za wazazi zilizonyamaza kuliko anavyoogopa njaa ya siku moja.

Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo, alikumbusha kwamba nyumba yahitaji maneno matatu: tafadhali, asante, na samahani. Ni maneno mafupi, lakini ni milango. Asemaye samahani afungua mlango wa huzuni. Asemaye asante afungua mlango wa furaha. Nyumba isiyoyajua yaweza kuwa na bati jipya na sakafu ya saruji, na wakaaji wake wakawa wapangaji tu.

Tunawasihi, basi, wasomaji wetu, mjiwekee robo saa baada ya chakula cha jioni. Simu ziwekwe kando. Kila mtu, kuanzia mdogo, aseme jambo moja lililomfurahisha siku hiyo na jambo moja lililomwumiza, na asikatizwe. Baba aseme pia. Kisha sala ifuate, maana hapo mtakuwa na la kumwambia Mungu.

Kwa mazungumzo ya juma hili:

1. Ni huzuni gani niliyoificha, na ni nani katika nyumba hii aliyekuwa na haki ya kuijua?

2. Ni furaha gani ya mwenzangu niliyoipokea kwa ubaridi?

3. Mtoto wetu aliye mgumu kuliko wote, ni lini mara ya mwisho tulipomwuliza habari zake bila kumkemea?

Mwulizane pole pole. Na mmoja wenu akianza kulia, msimharakishe anyamaze.