Kabla ya Kisu: Kifafa na Kumbukumbu

Pengine unasoma darasa moja na mtu mwenye kifafa. Wengi wao hutulia wakimeza dawa kila siku. Lakini kama mgonjwa 1 kati ya 3 huendelea kuanguka hata akijaribu dawa mbalimbali. Baadhi yao huweza kusaidiwa na upasuaji wa ubongo. Unashtuka? Subiri kwanza, tuelewane.

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Mtu anaposhikwa na kifafa, umeme huo huwaka ovyo. Ikiwa unaanzia sehemu moja tu, daktari anaweza kuiondoa. Mara nyingi sehemu hiyo iko ndani, usawa wa panja. Sasa, hapo hapo ndipo ilipo hipokampasi, yaani karani wa ubongo anayeandika mambo mapya. Unao makarani wawili, mmoja kushoto na mwingine kulia.

Yaliyompata Henry

Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua Henry Molaison, kijana wa miaka 27. Aliondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Kifafa kilipungua sana, lakini Henry hakuweza tena kutunza kumbukumbu mpya. Mtaalamu Brenda Milner alimpima kwa miaka mingi, na kila walipokutana Henry alimwona kama mgeni. Ati akili ilipotea? Hapana, aliongea vizuri na kukumbuka utoto wake. Aliishi hivyo mpaka alipofariki mwaka 2008.

Siku hizi hupimwi kwa macho

Kutokana na hayo, madaktari hawaondoi tena pande zote mbili. Tena, kabla ya kupasua, pamoja na kupiga picha za ubongo na kupima umeme wake, wanapima kumbukumbu. Unasomewa orodha ya maneno, unayarudia, kisha baada ya nusu saa hivi unaulizwa tena. Unaonyeshwa mchoro, halafu unauchora bila kuutazama. Kwa watu wengi, upande wa kushoto ndio unaoshughulikia zaidi maneno.

Hebu fikiri: nani yuko hatarini zaidi, mwenye kumbukumbu nzuri au mbaya? Wengi watasema mbaya. Kumbe ni kinyume! Kama karani wa upande utakaokatwa bado anachapa kazi, kumwondoa ni hasara. Kama kifafa kilishamwharibu, hakuna kikubwa cha kupoteza. Wakipasuliwa upande wa kushoto, takriban watu 4 kati ya 10 hupungukiwa na kumbukumbu ya maneno. Kwa mwanafunzi, hilo si jambo dogo.

Lakini faida nayo ipo. Utafiti wa Kanada uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakupatwa tena na kifafa cha kupoteza fahamu. Kwa waliotumia dawa pekee ilikuwa asilimia 8.

Basi, ukiambiwa wewe au ndugu yako apasuliwe, uliza: Ni upande gani? Kumbukumbu imepimwa? Tutapata nini, na tunaweza kupoteza nini? Kuuliza si utovu wa adabu. Na dawa usiziache bila daktari kukuambia.

Jipime

1. Kwa nini Henry alikumbuka utoto wake lakini si watu wapya?
2. Ungekuwa wewe, ungekubali kupasuliwa? Jadilianeni darasani.