Dondoo muhimu: Tikiti za treni kwa msafiri wa Butembo na Beni

Ewe uliyeazimia kutalii Nairobi, Mombasa na Dodoma kwa safari moja, fahamu kwanza kwamba ukishavuka mpaka wa Kasindi utakwenda kwa basi hadi Nairobi, maana kati ya Kampala na Nairobi hakuna treni ya abiria. Tikiti ya Madaraka Express, treni ya Nairobi hadi Mombasa iliyoanza mwaka 2017, hukatwa mapema kwa intaneti, kwa jina na nambari ya pasipoti ile ile utakayoichukua, na kwa kuwa malipo mara nyingi hupita M-Pesa ya Kenya, mtafute sahibu mwenye laini ya huko. Stesheni zake za mwisho, Syokimau kwa Nairobi na Miritini kwa Mombasa, zi mbali na mji, basi ondoka mapema. Mombasa hadi Dar es Salaam ni basi tena. Kutoka huko, tikiti ya Dodoma, kwa reli iliyofunguliwa 2024, hununuliwa kando, kwa shirika la reli la Tanzania.