Mtoto mwenye kilema cha moyo na dawa ya usingizi

Somo hili ni la wazazi, na la wauguzi vilevile. Huku Kabalo mtoto anaweza kuletwa kwa kupasuliwa ngiri ao mguu uliovunjika, na kumbe moyo wake una kilema tangu tumboni mwa mama. Wazazi wengine wanajua lakini wananyamaza. Wanaogopa munganga atakataa kupasua, ao majirani watasema mtoto amerogwa. Uchawi haumo. Moyo unaumbika katika majuma ya kwanza ya mimba, na pengine ukuta wa katikati haufungi vizuri.

Upande wa kuume wa moyo unasukuma damu mapafuni kutafuta hewa safi. Upande wa kushoto unaipeleka mwilini. Kwa watoto wengine kuna tundu ukutani, na tena njia ya mapafuni ni nyembamba. Basi damu isiyo na hewa safi inavuka tundu na kwenda mwilini. Mutazame ulimi na ufizi: ni wa buluu. Akicheza kidogo anachuchumaa. Si uvivu! Kuchuchumaa kunabana mishipa ya miguu, na damu nyingi zaidi inalazimika kupita mapafuni.

Sasa gesi ya usingizi inafanya nini? Halothani ilianza kutumiwa kwa wagonjwa huko Manchester, Uingereza, mwaka 1956, na imesaidia wengi. Lakini inalegeza moyo na kupanua mishipa; presha inashuka. Moyo mzima unavumilia. Kwa mtoto wa buluu, mishipa ya mwili ikilegea, damu inapata njia rahisi: inavuka tundu, inaacha mapafu, na mtoto anazidi kuwa wa buluu pale mezani. Tena gesi inaingia katika damu kupitia mapafu. Damu ikikwepa mapafu, usingizi unakawia. Asiyejua ataongeza gesi, na moyo utashindwa.

Kwa hiyo ketamini ya sindano mara nyingi inamfaa zaidi, maana haishushi presha kwa urahisi. Gesi haikukatazwa, lakini inataka kipimo kidogo, oksijeni, na jicho lisilotoka kwa mtoto.

Mama, baba, mutuambie mbele ya siku ya kupasuliwa: je, anachoka akinyonya? Alikwisha kuzimia akilia? Na asiachwe na kiu usiku kucha. Damu ya mtoto wa buluu ni nzito, inaweza kuganda. Chakula hapana, lakini maji matupu anaweza kunywa mpaka zibaki saa mbili mbele ya usingizi.

Kama kupasua kunaweza kungoja, afadhali moyo upimwe kwanza kwa ekografi. Moyo wenyewe unatengenezwa mbali, kama kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Toka hapa ni Kalemie, ziwa, Kigoma, na safari ingali ndefu. Ngiri iliyonaswa haingoji safari hiyo, ndiyo maana musifiche.

Kwa wauguzi: mutoe viputo vyote vya hewa katika mpira wa serumu. Kwa mtu mwingine kiputo kidogo kinaishia mapafuni. Kwa mtoto huyu kinaweza kuvuka tundu na kufika ubongoni. Akigeuka wa buluu ghafula, mukunje magoti yake mpaka kifuani, mumupe oksijeni, na munganga aitwe mara moja.