"Bandari Yoyote Penye Tufani": Maana, Historia na Tafsiri ya Msemo wa Kiingereza

Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri anapokutana na msemo wa Kiingereza "any port in a storm", aghalabu hukimbilia methali ya Kiswahili inayotaja maji na hatari. Huandika "Mfa maji haachi kutapatapa" kisha akaendelea na sentensi inayofuata. Makala haya yanadhihirisha kwamba uteuzi huo huipotosha matini chasili. Yanaeleza maana ya msemo huo, yanafuatilia matumizi yake katika historia, kisha yanaulinganisha na methali za Kiswahili. Hoja inayoongoza mjadala ni kwamba msemo huu ni kauli ya aliye chomboni, na mfasiri asiyejiuliza ni nani anenaye, na anamwambia nani, hupoteza kiini chake.

Maana ya msemo

Kwa tafsiri ya neno kwa neno, msemo huu ni "bandari yoyote wakati wa tufani". Katika hali ya kawaida, nahodha huchagua bandari. Hutazama kina cha maji, usalama wa gati, ushuru unaotozwa na soko la shehena yake. Tufani inapovuma, vigezo hivyo vyote huanguka kikabaki kimoja tu, nacho ni sitara. Kwa njia ya sitiari, chombo huwa mtu, tufani ikawa shida, na bandari ikawa msaada wowote unaopatikana.

Neno lenye uzito hapa ni "yoyote". Hubeba dhana mbili kwa pamoja: kwamba msemaji hana uchaguzi, na kwamba bandari yenyewe asingeitia nanga siku ya bahari shwari. Dhana hii ya pili ndiyo inayosahauliwa. Mtu aliyelazwa kwa jirani usiku wa mvua, akiamka na kumwambia mwenyeji wake msemo huu, atakuwa amemtusi badala ya kumshukuru. Kimaana, amekiri kwamba amesitiriwa. Kipragmatiki, amesema kwamba nyumba hiyo ni ya kukimbiliwa tu mtu akikosa nyingine.

Matumizi katika historia

Ushahidi wa maandishi unaotajwa sana ni wa mwaka 1749, katika riwaya ya John Cleland iitwayo Memoirs of a Woman of Pleasure, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka 1748. Mwandishi huyo aliitoa riwaya hiyo akiwa amefungwa gerezani London kwa ajili ya madeni. Katika riwaya, anayeutamka msemo ni baharia, lakini yuko nchi kavu na hakuna upepo wowote unaovuma. Anautumia kwa mzaha katika jambo la faragha. Ushahidi huu una funzo la kiisimu. Mzaha wa namna hiyo haueleweki ila kwa msikilizaji anayeijua tayari maana ya msingi. Yamkini, basi, msemo ulikuwa umezoeleka vinywani mwa watu kabla ya kuandikwa.

Msemo huu unapatikana pia katika riwaya ya Walter Scott, The Pirate, iliyochapishwa mwishoni mwa 1821. Mandhari yake ni visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland, na mmoja wa wahusika wake ni kijana anayekutwa na dhoruba njiani na kulazimika kubisha hodi kwenye nyumba ya mwenyeji bahili. Dhoruba hapo ni ya kweli, ila bandari imekuwa nyumba.

Nje ya fasihi, wazo hili lina nafasi katika sheria ya bahari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 huruhusu chombo kinachopita katika maji ya nchi nyingine kusimama na kutia nanga kikiwa taabani. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba bandari haifunguki kwa sababu tu chombo kinaihitaji. Mnamo Mei 1939, meli ya St. Louis iliondoka Hamburg ikiwa na abiria 937, karibu wote Wayahudi waliokuwa wakiikimbia Ujerumani ya Hitler. Kuba iliwapokea 28 tu, nayo Marekani haikuwafungulia mlango. Meli ikarejea Ulaya, na abiria wake 254 waliuawa baadaye katika mauaji ya halaiki. Katika tukio jingine, meli ya mafuta ya Prestige ilitoboka kwenye dhoruba karibu na Galicia, Uhispania, Novemba 2002. Ilinyimwa bandari, ikavutwa kuelekea bahari kuu, ikakatika vipande viwili na kuzama tarehe 19 mwezi huo. Mafuta yake yalichafua fuo za nchi ile ile iliyoikataa. Mwaka 2003, Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mwongozo kuhusu mahali pa kukimbilia kwa meli zilizo taabani.

Matukio haya yanafichua dhana-tangulizi iliyomo katika msemo: kwamba bandari i wazi. Aliye chomboni hutangaza kwamba yu radhi na bandari yoyote. Msemo haumwulizi mwenye bandari.

Ulinganisho na methali za Kiswahili

"Mfa maji haachi kutapatapa" humtazama mtu kwa mbali, naye yuaelekea kuangamia. Juhudi zake hazimfikishi popote, ilhali msemo wa Kiingereza huishia mahali pa usalama. "Heri nusu shari kuliko shari kamili" hupima maovu mawili. Lakini bandari duni si shari, ni wokovu usio na mapambo.

Methali iliyo karibu zaidi ni "Mkosa titi la mama hata la mbwa huamwa". Hapa zimo dhana zote: dharura, ukosefu wa uchaguzi, uduni wa kinachopatikana, na uhai unaookolewa. Tofauti ni ya ukali wa taswira, na kwa hiyo haifai katika kila muktadha. Kuna pia msemo mwingine wa Kiingereza usemao kwamba mwombaji hachagui, ambao John Heywood aliukusanya katika kitabu chake cha 1546. Huo nao usichanganywe na huu: aghalabu hutamkwa na mtoaji akimkemea mpokeaji, ilhali wa tufani hutamkwa na mpokeaji mwenyewe.

Kiswahili kina methali inayotoka bandarini: "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Katika methali hii, ujio wa mgeni ni heri kwa mwenye nyumba. Si tafsiri ya msemo wa Kiingereza. Ni jibu lake.

Hitimisho

Mfasiri ana njia tatu. Matini ikiwa ya bahari, "Penye tufani, bandari ni bandari" hudumisha taswira na ile hali ya kutojali ubora. Ikiwa ni mazungumzo makali ya wenye dhiki, methali ya titi la mama yatosha. Ikiwa msemaji anamwelekea mwenyeji wake, inafaa mfasiri aamue kwanza kama dharau imekusudiwa au la, kisha ateue maneno. Mwalimu wa tafsiri naye asiridhike na orodha za methali zinazodaiwa kuwa sawa katika lugha mbili. Awaulize wanafunzi wake, kabla hawajashika kalamu: anenaye yuko chomboni, au yuko gatini?