Namba Kubwa Siyo Unga Mwingi: Tuzifungue Kompyuta za Sun



Vikundi viwili vya kujiendeleza vimetuuliza swali linalofanana. Vinataka kununua kompyuta iliyokwisha kutumika, ya kuwekea mahesabu ya kikundi. Muuzaji anawaonyesha namba iliyobandikwa kwenye sanduku. Anasema: "Hii ina namba kubwa kuliko ile, kwa hiyo hii ndiyo bora." Je, ni kweli?

Swali hili ni zuri, maana fedha za kikundi siyo mchezo. Hatutajibu ndiyo au hapana kwa haraka. Tutazifungua kompyuta za kampuni moja, toleo baada ya toleo, tutazame mlikuwa na nini ndani. Tumechagua kampuni ya Sun ya huko California, Marekani. Ilianzishwa mwaka 1982, na matoleo yake yanafuatana vizuri. Ukiyapanga mstari mmoja unaona kila moja lilirekebisha nini.

Kompyuta hizi hazikuwa za kuandikia barua tu. Ziliitwa kompyuta za kazi. Mhandisi mmoja alikuwa nayo moja mezani pake, akachorea mashine au akafanyia hesabu ndefu. Kabla ya hapo wahandisi wengi walitumia kompyuta moja kubwa kwa pamoja. Wakijaa wengi, kila mmoja anasubiri, kama foleni ya kisimani wakati wa kiangazi.

Tuanze na mashine ya kusaga

Sote tunaijua mashine ya kusaga. Kuna kinu chenyewe, kinachozunguka. Kuna gunia lililofunguliwa kando ya kinu. Kuna ghala la mahindi. Halafu kuna njia ya kuyatoa mahindi ghalani mpaka kwenye kinu.

Kompyuta nayo iko hivyo. Kinu chake ni kipande kidogo kiitwacho chipu kuu. Hicho ndicho kinachofanya hesabu. Gunia lililo kando ni kumbukumbu. Huko huwekwa kazi inayoendelea, na umeme ukikatika yote hufutika. Ghala ni diski. Diski hutunza vitu hata umeme ukizimwa, lakini kuvitoa huko ni kazi ya taratibu. Na njia ni nyaya zinazounganisha sehemu hizi zote.

Sasa ile namba ya kwenye sanduku ni kitu gani? Kwa kawaida ni hesabu ya mapigo ya chipu kuu. Megahezi 1 ni mapigo milioni 1 kwa sekunde moja. Yaani namba ile inahesabu mizunguko ya kinu. Haihesabu madebe ya unga! Mahindi yasipofika kwa wakati, kinu kinazunguka bure na dizeli inakwisha.

Namba ileile, mashine tofauti

Kompyuta ya kwanza, Sun-1, ilitoka mwaka 1982. Ilitokana na bodi aliyoibuni Andy Bechtolsheim alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Hata jina la Sun lilitokana na herufi za mtandao wa kompyuta wa chuo hicho. Chipu yake iliitwa 68000, ya kampuni ya Motorola. Mapigo yake yalikuwa megahezi 10.

Sun-2 ilitoka mwaka 1983. Mapigo yake? Megahezi 10 vilevile. Muuzaji wetu angesema hazina tofauti. Lakini ngoja kwanza.

Siku zile kumbukumbu ilikuwa ghali sana, kwa hiyo ilikuwa ndogo. Kazi kubwa haikuenea ndani yake. Njia ya kuponyoka ni hii: sehemu ya kazi inakaa kwenye kumbukumbu, nyingine inabaki kwenye diski, na inaletwa pale inapohitajiwa. Hapo ndipo chipu 68000 ilipokwama. Ikianza kutimiza amri, katikati ikakuta kitu inachokitaka bado kiko kwenye diski, haikuweza kusimama, kusubiri, na kuendelea pale ilipoachia kwa uhakika. Ni kama mpishi anayeitwa nje wakati anapima unga. Akirudi hajui ametia vikombe vitatu au vinne.

Sun-2 iliwekewa chipu 68010. Hii ilijifunza jambo moja kubwa: ikikatizwa, inaweka kwanza alama mahali ilipofikia. Kitu kinacholetwa kikifika, inaendelea. Kumbe kwa mapigo yaleyale 10, sasa mhandisi aliweza kufanya kazi kubwa kuliko kumbukumbu aliyokuwa nayo.

Njia yapanuliwa

Mwaka 1985 ikaja Sun-3, yenye chipu 68020. Hapa mapigo yaliongezeka, mengine kufika karibu megahezi 17. Lakini sisi tunaona kwamba jambo kubwa lilikuwa njia.

Kompyuta huandika kila kitu kwa alama mbili tu, 0 na 1. Alama moja huitwa biti, na waya mmoja hupitisha biti moja kwa wakati mmoja. Chipu za Sun-1 na Sun-2 ziliweza kushika ndani namba ya biti 32, lakini nyaya za kutolea nje zilikuwa 16 tu. Namba moja ikapitishwa mara mbili, nusu kwa nusu, kama kupitisha kitanda kwenye mlango mwembamba: unakivunja, unakiunga tena ndani. Sun-3 ilikuwa na nyaya 32. Namba nzima ikapita kwa mara moja.

Katika kundi hilo kulikuwa na moja ya bei nafuu, Sun-3/50. Ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 4, na mara nyingi haikuwa na diski yake yenyewe. Iliazima diski ya kompyuta nyingine kupitia waya. Mpango huu uliokoa fedha nyingi. Lakini kumbukumbu ikijaa, kila kitu kilipaswa kwenda na kurudi kwa jirani, na majirani wengine nao wanaazima palepale. Chipu ilikuwa nzuri, ghala ndilo lilikuwa mbali.

Amri chache, unga mwingi

Sasa tunafika mahali tunapopapenda zaidi.

Kwa miaka mingi watengenezaji wa chipu walishindana kuongeza amri. Kila toleo jipya lilijua amri nyingi zaidi na ngumu zaidi. Chipu 68020 ilikuwa na amri fupi za baiti 2, na nyingine ndefu kupita baiti 10, zimechanganyika. Chipu ilikuwa lazima isome kidogo, ifikiri amri hii inaishia wapi, kisha isome tena.

Kuanzia mwaka 1980, mwalimu David Patterson na wanafunzi wake huko Chuo Kikuu cha Berkeley walishika njia nyingine. Waliona kwamba programu nyingi zinatumia zaidi amri chache nyepesi: chukua, weka, jumlisha, linganisha, ruka. Zile ngumu hutumika mara chache tu. Basi kwa nini chipu nzima ibebeshwe mzigo wake? Wakatengeneza chipu yenye amri chache nyepesi. John Hennessy na wenzake wa Stanford walifuata wazo la namna hiyo, na hata kabla yao John Cocke wa kampuni ya IBM alikwisha kuanza.

Sun wakalichukua wazo la Berkeley wakatengeneza chipu waliyoiita SPARC. Kila amri yake ina urefu uleule, biti 32, haipungui wala haizidi. Kwa kuwa amri zote ni sawa, chipu huweza kuanza amri ya pili kabla ya kwanza haijakwisha. Fikiria watu wamejipanga kupokezana matofali. Matofali yakiwa ya ukubwa mmoja mstari unakwenda. Likija moja kubwa kama jiwe la msingi, mstari wote unasimama.

Tena SPARC ina nafasi nyingi za kushikia namba ndani ya chipu yenyewe. Kazi moja ikiita kazi nyingine, haina haja ya kufungasha kila kitu na kukipeleka kwenye kumbukumbu. Inahamia nafasi za jirani tu, kama fundi mwenye meza mbili.

Matokeo yake tuyatazame kwa namba. Sun-3/260, ya chipu ya zamani, ilikuwa na mapigo megahezi 25. Sun-4/260, ya mwaka 1987, ya kwanza kuwa na SPARC, ilikuwa na mapigo karibu megahezi 17. Imepungua! Lakini siku zile kasi ya kazi ilipimwa kwa kulinganisha na kompyuta moja maarufu ya mwaka 1977, VAX-11/780, iliyohesabiwa kuwa 1. Kwa kipimo hicho Sun-3/260 ilipata kama 4. Sun-4/260 ilipata kama 10. Kinu kilizunguka polepole zaidi, unga ukatoka zaidi ya mara mbili.

Tusifiche upande wa pili. Programu zilizotayarishwa kwa Sun-3 hazikuweza kuendeshwa hivihivi kwenye SPARC, maana amri zake ni lugha nyingine. Zilipaswa kutafsiriwa upya. Mwenye programu asipozitafsiri, umenunua mashine ya kasi isiyojua kazi yako. Mwaka 1989 kampuni yenyewe ilikuwa ikiuza aina tatu zisizoelewana: za Motorola, za SPARC, na moja ya chipu ya Intel. Baadaye wakabaki na SPARC.

Mwaka huohuo, 1989, ilitoka SPARCstation 1, sanduku bapa la kuweka mezani chini ya kioo. Watu wakaliita sanduku la piza.

Vichwa viwili, vichwa vinne

Baada ya hapo waliongeza chipu kuu zaidi ya moja katika sanduku moja. Filamu ya katuni ya Toy Story, ya mwaka 1995, picha zake zilikamilishwa na kompyuta 117 za SPARCstation 20, nyingine zenye chipu 2, nyingine 4. Kazi hiyo inagawanyika vizuri, kwa sababu kila picha inaweza kutengenezwa peke yake. Si kazi zote ziko hivyo. Barua moja haiandikwi haraka zaidi kwa kuishikia kalamu nne.

Mwishoni mwa 1995 ikaja Ultra 1, yenye chipu ya biti 64. Njia nayo ikabadilishwa. Zamani sehemu zote ziligombania barabara moja: akipita mmoja, wengine wanasubiri. Katika Ultra pakawekwa kama njia panda kubwa, yenye mapito mengi.

Halafu mwaka 1998 kampuni ikatoa Ultra 5, ya bei nafuu. Chipu yake ilikuwa na mapigo megahezi 270, karibu mara mbili ya Ultra 1 ya mwanzo yenye 143. Lakini ili kupunguza gharama walitia diski za aina iliyotumika katika kompyuta za kawaida, na nyingi zake zilikuwa nzito. Waliozitumia walilalamika. Kinu kipya, ghala lenye mlango mdogo.

Kompyuta za kawaida zenyewe zilikuwa zikiendelea kuwa za kasi na rahisi kila mwaka. Kompyuta ya kazi ya mwisho yenye SPARC, Ultra 45, ilitoka mwaka 2006, na haikupata mrithi. Kampuni ya Oracle iliinunua Sun mwaka 2010.

Basi turudi kwa muuzaji. Msiulize mapigo peke yake. Muulizeni kumbukumbu ni gigabaiti ngapi, na kama inaweza kuongezwa. Muulizeni diski ni ile yenye sahani inayozunguka au ni ile isiyo na kitu kinachozunguka. Ya pili hutoa vitu haraka zaidi, na mara nyingi yaweza kutiwa kwenye kompyuta ya zamani. Muulizeni kama programu mnayoitaka inafanya kazi humo. Kisha iwasheni palepale mbele yenu, fungueni daftari lenu la hesabu, na mmoja wenu ashike saa ahesabu dakika.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Sun-1 na Sun-2 zilikuwa na mapigo sawa. Kwa nini Sun-2 iliweza kazi kubwa zaidi?

2. Gawanya 25 kwa 4. Kisha gawanya 17 kwa 10. Ni kompyuta ipi iliyotumia mapigo machache zaidi kwa kazi ileile?

3. Katika mashine ya kusaga ya kijijini kwenu, ni mahali gani panapochelewesha kazi: kinu, gunia, ghala, au njia?