Mfundishe Mtoto Kujichora kwa Mtindo wa Tingatinga

Mtaala wa elimu ya msingi wa mwaka 2023 una somo la Sanaa na Michezo, lakini shule nyingi hazina rangi wala brashi. Mwalimu wa Bariadi, Itilima au Meatu, mkoani Simiyu, asikate tamaa. Mtoto anaweza kujichora vizuri kwa mkaa, udongo na chaki, na mchoraji wa kumfuata tunaye hapahapa nchini.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, na hakupita chuo chochote cha sanaa. Alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya hadibodi na rangi za mafuta za kupakia baiskeli, kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana. Alifariki mwaka 1972, akaacha mtindo unaojulikana dunia nzima kwa jina lake. Mtindo wenyewe mtoto anaushika upesi: nyuma ya picha hupakwa rangi moja tu, umbo kubwa hujaza ubao, kisha hurembwa kwa mistari na nukta. Yeye alipenda kuchora wanyama. Katika zoezi hili, pale ambapo angekaa chui atakaa mtoto mwenyewe.

Vifaa

Kata maboksi ya dukani yawe vipande vya mraba. Tafuta vioo vidogo. Watoto wawili au watatu wanaweza kutumia kimoja kwa zamu. Twanga mkaa, udongo mwekundu na chaki, kila kimoja peke yake. Chaki zinatengenezwa hapahapa mkoani, Maswa. Chekecha unga wa kila kimoja kwa kitambaa, kisha changanya na uji mwepesi wa muhogo uliopoa ili rangi ishike kwenye boksi. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki. Kwa sehemu pana, funga pamba kwenye kijiti; pamba Simiyu haina shida. Rangi za mafuta waachie watu wazima, kwani harufu yake huumiza kichwa na ngozini hazitoki kwa maji.

Hatua za kufuata

1. *Kujitazama.* Kabla ya kushika penseli, kila mtoto ajiangalie kwenye kioo kwa utulivu. Muulize: nyusi zako zimenyooka au zimepinda? Una kovu? Una mwanya? Mchoraji Frida Kahlo wa Meksiko alipata ajali ya basi mwaka 1925 akiwa na miaka 18. Akiwa kitandani alifungiwa kioo juu yake, akaanza kujichora, na akaendelea kujichora maisha yake yote.

2. *Kupanga uso.* Watoto wengi huweka macho juu sana, karibu na nywele. Waambie wapime kwa vidole: macho yako katikati, kati ya utosi na kidevu. Pua huishia karibu katikati ya macho na kidevu. Kati ya jicho na jicho panatosha jicho la tatu.

3. *Kujaza ubao.* Kichwa kikaribie ukingo wa juu na mabega yaguse pembeni. Anayechora kidogo katikati ya boksi mpe kipande kingine aanze upya.

4. *Kupaka rangi.* Anza na rangi moja ya nyuma, iache ikauke. Halafu uso. Hapa usiwape wote rangi moja. Changanya udongo mwekundu na mkaa kidogo, ongeza chaki kidogokidogo, mtoto aweke tone karibu na mkono wake alinganishe. Wa maji ya kunde atapata yake, na mweusi tii atapata yake. Mtoto anayejipaka weupe asiokuwa nao asigombezwe. Mrudishe kwenye kioo, umsaidie kuitafuta rangi yake hadi aipate.

5. *Kuremba.* Zungushia umbo mstari mweusi. Kisha, kwa kitako cha kijiti cha kiberiti, atie nukta kwenye nguo na pembeni. Akitaka, aongeze kitu cha kwao: ng'ombe, tumba la pamba, au pundamilia wa Serengeti.

Mambo ya kuepuka

Usichore mfano ubaoni ili wanakili, maana utapata nyuso arobaini zinazofanana na yako. Usishike penseli ya mtoto ukamrekebishia. Usiwacheke wala kuruhusu wenzao wawacheke, hasa mwenye kovu, kengeza au ulemavu wa ngozi. Mtoto mwenye ualbino akae kivulini, na rangi yake ichanganywe kwa uangalifu uleule.

Mwisho, andika jina la kila mtoto chini ya picha yake, uzitundike zote, si nzuri tano tu, na uwaite wazazi waje kuzitazama. Mzazi, ukiitwa, nenda. Simama mbele ya picha ya mwanao umwombe akueleze alichokichora, nawe umsikilize hadi amalize.