Kuendesha Kompyuta na Runinga Ukiwa Mbali: Tuchague Njia Ipi?

Somo la robo hii linatokana na maswali tunayoulizwa na kamati za sharika tunapozitembelea. Nyumba nyingi sasa zina runinga, king'amuzi, spika na kompyuta, na baadhi ya watunza hazina huandika hesabu za usharika kwenye kompyuta zao za nyumbani. Wanataka kujua namna ya kuviendesha vyombo hivi bila kuvikaribia, kwa gharama ndogo na bila kumfungulia mwizi mlango.

Jambo la kwanza ni umbali. Aliyekaa kitini mbele ya runinga, aliye chumba cha pili na aliyesafiri kwenda mji mwingine wana mahitaji matatu tofauti. Wengi huanza kwa kuuliza programu gani ni nzuri, kumbe wangeanza kwa kujiuliza watakuwa wapi.

Kwa chumba kimoja, rimoti ya kawaida bado haijapata mshindani. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti iliyobuniwa na Eugene Polley, iliyotumia mwanga wa kawaida kama wa tochi. Shida yake ni kwamba jua likiipiga runinga liliweza kuibadilishia stesheni! Mwaka uliofuata Robert Adler wa kampuni hiyo hiyo akaleta rimoti isiyotumia betri: nyundo ndogo iligonga kijiti cha chuma na kutoa sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii. Rimoti nyingi za leo hutumia mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, unaowaka na kuzima takriban mara 38,000 kwa sekunde ili runinga iutofautishe na mwanga wa taa au jua. Mwanga huo haupenyi ukuta, na hata kitambaa kizito kilichofunika runinga huuzuia. Rimoti ikigoma, usikimbilie kununua nyingine. Washa kamera ya simu, ielekezee rimoti na ubonyeze kitufe. Ukiona taa ndogo ikimetameta kwenye kioo cha simu, rimoti ni nzima na tatizo liko kwenye runinga. Usipoiona, badilisha betri kwanza, kisha jaribu kwa kamera ya mbele, maana kamera za nyuma za baadhi ya simu huchuja mwanga huo.

Nyumba yenye rimoti nne mezani inaweza kupunguza mzigo bila kununua kitu. Vyombo vilivyounganishwa kwa waya wa HDMI huweza kupeana amri kupitia waya huo huo, hivyo rimoti ya runinga ikaendesha na deki. Utaratibu huu huitwa CEC, ingawa Samsung wanauita Anynet+, LG wanauita Simplink na Sony Bravia Sync. Tafuteni jina hilo kwenye mipangilio ya runinga na muuwashe. Si vyombo vyote vinavyoelewana, lakini kujaribu ni bure.

Kwa kompyuta iliyounganishwa na runinga au projekta, ushauri wetu ni kibodi na mausi visivyo na waya, vyenye kipokeo kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Havihitaji intaneti wala kujiandikisha popote, na mzee yeyote wa kanisa anaweza kuvitumia siku ile ile. Wenye ruta ya Wi-Fi wanaweza kutumia simu: programu ya KDE Connect, kwa mfano, huigeuza simu kuwa mausi ya kompyuta, na Kore huendesha Kodi, programu ya kuchezea filamu na muziki. Amri hizi hupita ndani ya nyumba tu, kwa hiyo bando haliliwi.

Sasa tuje kwenye safari ya mbali, ambako makosa huwa ghali. Mtunza hazina amesafiri, na kitabu cha hesabu kimo ndani ya kompyuta nyumbani. Windows ina mlango wake wa kuingilia kutoka mbali, lakini toleo la Home haliwezi kupokea mgeni kwa njia hiyo. Linalopokea ni Pro. Wapo mafundi wanaoufungua mlango huo moja kwa moja kwenye intaneti kupitia ruta. Msikubali. Mwezi Mei 2019 Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro iliyoitwa BlueKeep, ambayo ilimwezesha mtu kuingia kwa mlango huo bila neno la siri, na hatari ilionekana kubwa kiasi kwamba hata Windows XP, iliyokuwa imeachwa tangu 2014, ilipewa dawa. VNC, iliyoanzia maabara moja ya Cambridge, Uingereza, ni njia nyingine inayojulikana sana, lakini katika muundo wake wa asili picha za kioo hupita wazi bila kufichwa, na neno la siri halizidi herufi 8.

Chrome Remote Desktop inatosha kwa familia nyingi. Hailipiwi, haihitaji kugusa ruta, na huomba namba ya siri ya tarakimu zisizopungua 6. TeamViewer nayo ni nzuri, ila ni bure kwa matumizi binafsi tu. Ofisi ya usharika inatakiwa kulipia, na wafadhili wetu wanastahili kuona jambo hilo kwenye bajeti. Kumbukeni pia kwamba kompyuta iliyolala haiitiki. Izuieni kulala, na kama ni ya mezani, fundi aipange iwake yenyewe umeme unaporudi. Bila hivyo, umeme ukikatika mara moja safari nzima mtabaki nje.

Zipo hila zisizohitaji ufundi wowote. Mtu hupiga simu, anajitambulisha kuwa wa benki au kampuni ya kompyuta, anasema mashine yako ina virusi, kisha anakuomba uweke programu ya kuingia kutoka mbali na umsomee namba zinazotokea. Programu yenyewe ni halali. Mwizi ni aliyepiga simu. Ukishamsomea namba hizo ameshaketi kwenye kiti chako: anaona orodha ya wafadhili, barua pepe na akaunti. Hakuna benki wala kampuni ya kweli inayopiga simu bila kuitwa na kuomba hivyo. Kama tayari ameingia, chomoa waya wa intaneti au zima ruta kwanza. Maelezo yatafuata baadaye.

Kompyuta yenye hesabu za usharika isiruhusiwe kuingiwa kutoka mbali mpaka kamati imeandika katika muhtasari nani anaruhusiwa na kwa kifaa gani. Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe kwenye akaunti inayotumika, na ruhusa iondolewe siku mhusika anapoacha nafasi yake. Kila robo mwaka mweka hazina na katibu wafungue pamoja orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa. Wakikuta kifaa ambacho hakuna anayekitambua, wakifute palepale, kisha neno la siri libadilishwe kwa kutumia kompyuta nyingine.